Mluzi Kwenye Matete

Kaka yangu mpendwa,

Huku hatujambo. Goti la mama limepona, mdomo ndio bado.

Juzi kundi letu la kulinda ndege liliwatembeza wanafunzi bwawani. Mmoja aliishika darubini kinyume, akalia eti korongo wote wamekimbilia mbali. Tulicheka mpaka basi.

Walipoondoka, tuliingia kwenye matete kutoa nyavu za wawindaji. Huwa hatuitani kwa sauti, tusije tukawatisha ndege viotani; tunapiga ule mluzi niliowafundisha wenzangu, wetu mimi na wewe wa utotoni. Nikausikia mbele yangu. Nikaujibu, nikaufuata. Mwenyekiti akanivuta mkono kwa nyuma.

"Dada, unakwenda wapi? Sisi sote tuko huku."

Mluzi ukarudi, karibu zaidi. Tulitimua mbio, nyavu tukaziacha.

Wenzangu wanasema wawindaji wametuiga. Nimeitikia tu. Sikuwaambia kwamba mluzi ule ulikwaruza mwishoni, kama wako tangu ung'oke jino.

Jumamosi tunarudi na askari wenye bunduki. Barua hii naituma kule ulikotuambia unafanya kazi. Namwomba Mungu ikukute huko.

Mdogo wako.