Kamba Iliyopakwa Oili

Jumatatu, 5 Machi 1951
Nimepanda mivule miwili leo kukata matawi, njia ya Mkumbara. Matawi makavu yote chini, hakuna aliyeumia. Siafu wameniingia mpaka kwapani. Uvundo wa mabaki ya mkonge unafika hadi kileleni. Hoza, mume wa dada yangu, ndiye anayenishikia kamba chini. Ana nguvu, ila ana pupa. Asubuhi kala muhogo wa kukaanga kisha akaishika kamba. Nimemfokea. Kamba hupapaswa kabla ya kula, macho yamefumbwa, toka ncha hadi ncha. Vidole vyenye mafuta havijui kitu.

Jumanne, 6 Machi
Mvua. Hatukupanda. Kamba iko stoo kwa nyapara Mbwana. Sipendi. Mtu yule anatema ugoro popote, hata juu ya vifaa.

Jumatano, 7 Machi
Kefule! Wameivutia lori! Lilikwama topeni jana, nyapara akatoa kamba yangu, kamba inayobeba roho ya mtu. Kisha kaipaka oili chafu ili isionekane ilivyochubuka. Nimeipapasa, vidole vinateleza tu. Nikaisokotoa mahali pamoja: ndani nyuzi zimekatika, zinamwagika kama pumba. Nimemwonyesha. "Woga wako usinipakazie mimi," anasema, ugoro umemjaa mdomoni. Nimekataa kupanda.

Alhamisi, 8 Machi
Kuna mvule kambini, tawi kavu linaning'inia juu ya nyumba za wakata mkonge. Nyapara anataka likatwe kesho, bwana mkubwa anakuja kukagua. Kazi yangu kampa Hoza. Na Hoza kakubali! Nimemwambia kamba imekufa ndani. "Shemeji, siku zote wewe tu. Niache na mimi nipande." Anadhani namwonea kijicho. Dada yangu mjamzito, karibu kujifungua. Wote wawili wananichefua, huyu kwa ujinga wake, yule kwa uchafu wake.

Ijumaa, 9 Machi
Nimemkuta Hoza chini ya mvule, kashaanza kujifunga kamba kiunoni. Nimemnyang'anya. Nimeikata kwa panga vipande vipande, mbele ya watu wote. Penye michubuko panga halikuwa na kazi, nyuzi ziliachia zenyewe. Nyapara kanitukania mama yangu marehemu. Nimefukuzwa. Chumba cha kambi pia basi. Hoza kanitazama kama mavi. Na anichukie, ilimradi yuko hai.

Jumapili, 11 Machi
Niko Makuyuni, nyumbani kwa Hoza na dada. Sina pengine. Tunakula sahani moja na haniamkii. Mikono yangu bado inanuka oili ile, nimeisugua kwa majivu, wapi. Kinyaa. Tawi la kambini bado liko pale, linasubiri kamba mpya kutoka Tanga. Mpandaji ni Hoza. Naogopa.

Jumatatu, 19 Machi
Mvua imekatika. Kamba mpya imefika juzi. Hoza hakuiacha stoo, kaja nayo nyumbani. Leo anapanda mvule wa kambini.
Dada katenga muhogo wa kukaanga, wa moto. Nikachukua kipande changu. Hoza hakugusa. Aliketi kizingitini, akafumba macho, akaanza kuipapasa kamba kutoka ncha. Polepole. Dada akamwambia chakula kinapoa.
"Subiri kwanza," akasema.
Mimi nikaendelea kula.