Anwani ya Kaka

3 Machi

Mama,
Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, ila ofisi inanichosha.
Mama, acha kuwajibu hao watu wa mikopo na dawa za nguvu. Hawakujui. Wana programu zinazookota kila anwani ya barua pepe iliyoandikwa hadharani mtandaoni. Nyingine wananunua kwa jumla, nyingine wanazichota kwenye simu za watu zilizoibwa. Ukiwajibu, hata kwa matusi, wanajua upo, wanakuuza tena. Ndiyo maana nilikufungulia anwani mbalimbali: ya kuandikiwa na wateja, ya benki, ya kuandikiwa nami, na moja ya kuandikiwa na Kaka peke yake. Niambie hizo barua zao za takataka zinaingilia wapi, nitajua nani kakuvujisha.
Kitindamimba wako

9 Machi

Mwanangu,
Marahaba. Mgongo upo palepale, tumeshazoeana. Sijamtukana mtu, nilimwambia tu huyo wa dawa kwamba mimi ni mjane, atafute wengine.
Zinaingia kwenye ile ya kaka yako. Tangu aende machimboni akanyamaza, haijawahi kulia. Ilipolia nikaacha gauni la watu kwenye cherehani, nikakimbilia simu. Kumbe mikopo.
Nimekutumia zote.
Mama yako

20 Machi

Mama,
Shikamoo. Nimechelewa kwa sababu sikujua nikwambie vipi.
Kila barua ina mistari iliyofichwa juu, kama mihuri ya posta, inayoonyesha ilikopitia. Jina la mtumaji ni la uongo, lakini mihuri ilinifikisha kwa kampuni inayokodisha mitambo ya kutuma barua pepe. Hapo njia ikakatika; hawataji wateja wao.
Ila anwani ile haikuandikwa popote isipokuwa kwenye simu yako na ya Kaka. Ingevuja kwako, takataka zingeingia kwenye anwani zako zote. Simu yake iko mikononi mwa watu wengine, Mama. Unachowaza, nami nakiwaza, na naogopa.
Nitaifunga, wasiendelee kukutesa.
Kitindamimba wako

2 Aprili

Mwanangu,
Marahaba. Nilikuwa nalia, ndiyo maana kimya.
Usiifunge. Simu wameichukua, lakini anwani yake anaijua kwa kichwa. Siku akiazima simu ya mtu, aandike wapi?
Nilimjibu mmoja wao, unisamehe. Nilimuuliza mwenye simu alikuwa na hali gani walipoichukua. Akanitumia tangazo la mikopo.
Siwajibu tena. Kila asubuhi kabla ya kushona naifungua, nafuta moja moja, polepole, nisije nikamfuta yeye.
Mama yenu