Mama Mkwe Amekula Mapishi Yangu, Sasa Nimechukuliwa Mke Wangu

Bi. Bimdogo,

Shikamoo, na kama nimekuzidi umri ipokee hivyo hivyo, maana naomba msaada wako na nina hasira hadi kalamu inatoboa karatasi. Naitwa Salu, fundi baiskeli hapa Bariadi mjini, nina mke, Felisita, na mtoto mmoja, na kosa langu duniani ni kwamba napenda kupika. Sijalishwa limbwata kama anavyotangaza shemeji yangu Machibya, kaka yake Felisita, nilijifunza Lamadi nilipokuwa kapera nikikaa na wavuvi, na tangu hapo hakuna kinachonituliza kama kufunga kazi jioni, nikawasha jiko la mkaa, redio pembeni, paka wetu kajilaza chini ya kigoda, nikakaanga kitunguu bila haraka, nikatia nyanya, nikatia nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, halafu karanga za kutwanga, au nikipata sato mbichi namkaanga kwanza ndipo namtia kwenye mchuzi. Felisita anauza mitumba sokoni, anarudi amechoka, na kupika hakupendi, tena hajui, ugali wake una madonge. Kwa hiyo mpishi ni mimi, mlaji ni yeye, tulikuwa tunaishi raha mustarehe.

Sasa mama mkwe akaja kutoka kijijini kwao Migato kutibiwa macho. Kwa mila zetu mimi na yeye hatulali nyumba moja wala hatutazamani usoni, kwa hiyo tukamtafutia chumba kwa jirani, Mama Nancy, katikati yetu ni uzio wa mabati tu. Mimi napika, Felisita anabeba sahani, sahani inarudi nyeupe pee, na naisikia sauti ya mama ng'ambo ya uzio, "Wabeja, mwanangu, asante sana, siku hizi mkono wako umekuwa mtamu!" Felisita anaitikia, "Asante, mayu." Jamani! Akirudi jikoni tunazibana midomo kwa kicheko, nami nikasema basi, mama ale apone, yaishe.

Jumapili wakaja wanawake wenzake wa Migato kumjulia hali, nikapika cha kutosha wageni wote, nimeloa jasho, na wakati wanakula namsikia mama mkwe anawaambia, "Mwanaume wa nyumba ile ni mwanangu. Yule bwana yeye ni wa kungoja sahani tu. Felisita akiugua siku moja, mtamzika mtu kwa njaa." Wakacheka! Wanacheka na mchuzi wangu mdomoni! Bi. Bimdogo, nilipandwa na mori, nikatokeza kichwa juu ya uzio, mwiko nimemnyooshea, nikamwambia, "Mayu, hicho unachotafuna nimepika mimi! Na cha jana nimepika mimi, na siku ile ulipoomba uongezewe mchuzi, aliyekuongezea ni mimi!"

Mama akajifunika uso kwa kanga, wageni wakaacha matonge kwenye sinia, na kesho yake akapanda gari kurudi kwao, macho hayajaisha kutibiwa, anasema amelishwa na mkono wa mkwe, atawaeleza nini wenzake. Machibya akaja kumchukua Felisita na mtoto kuwapeleka Migato, akaniambia nisimame mbele ya wazee nile kiapo kwamba sitashika sufuria tena maisha yangu, ndipo nirudishiwe mke. Mimi! Sijaiba, sijapiga mtu, sinywi! Walevi wanaowavunja wake zao mbavu hawaitwi kwa wazee, naitwa mimi kwa sababu ya nsansa! Na Felisita badala ya kunitetea ananipigia simu kunong'ona, eti mtoto hataki kula huko, amezoea kulishwa na mimi, eti, "We apa tu, wazee waridhike, tukirudi utapika mlango umefungwa." Yaani nipike kama mwizi ndani ya nyumba yangu, kwa mkaa wangu? Niambie, Bi. Bimdogo, niape uongo, niape kweli, au nimwache mwanamke akae kwao na mama yake? Maana mimi kujishusha sijazoea.

Salu, Bariadi

BIMDOGO ANAJIBU

Marahaba, Salu. Umri wangu unaitosha shikamoo yako na nyingine juu yake.

Hasira yako nusu ni halali, na nusu hiyo nakuunga mkono kabisa. Mwanaume kupika kwake si hatia ya kupelekwa kwa wazee. Huyo Machibya mwenye maneno ya limbwata mwambie limbwata humfanya mtu asahau kwao, halimfundishi kukaanga sato. Upuuzi mtupu.

Sasa ngoja na wewe nikuseme. Hivi unadhani mama mkwe ameondoka kwa sababu umepika? Umemnyooshea mwiko mtu ambaye hata kumsalimu unatakiwa kuinamisha macho! Mimi kwetu ni Tanga, nimeletwa Bariadi na ndoa, na hata mimi mgeni najua hilo. Wewe umezaliwa humu, umelijua tangu hujaota meno, ukamfokea mbele ya wageni wake, mama wa watu mgonjwa, tonge mdomoni. Ukamweleza na habari ya mchuzi aliouomba! Mchuzi huo ulikuwa wa nini kutajwa? Ulitaka akome, na kweli amekoma.

Tena usijifanye mtetezi wa ukweli. Ukweli ulikuwa nao tangu sahani ya kwanza, ukaona raha kuuficha, mnachekea jikoni wawili. Umeukumbuka siku uliponyimwa sifa. Na huyo Felisita, nikimpata nitamvuta sikio. Alipokea shukrani zisizo zake kutoka kwa mama yake mzazi, uongo ukamlipukia, na dawa anayoileta ni uongo mwingine wa mlango kufungwa. Siku mama akija tena je? Mtaanza upya?

Kwa hiyo kiapo usile, cha kweli wala cha uongo. Cha kweli kitakuua roho, na cha uongo watakugundua kwa harufu tu, maana madonge ya Felisita wanayajua.

Fanya hivi. Mtafute aliyekuwa mshenga wako, yeye ndiye njia yako ya kuingilia kwa wakwe, atangulie Migato na maneno yako. Aseme Salu anaomba radhi kwa kumfokea mama na kumwaibisha mbele ya wageni. Asiongeze "lakini". Nakujua, utataka aongeze "lakini". Ukiitwa, nenda, simama mbali mpaka ukaribishwe, macho chini. Mtu akikutukana, meza. Wakikuuliza kama utaacha kupika, sema hapana, kwa sauti ndogo, halafu nyamaza. Na mama arudishwe hospitali, nauli juu yako, atakula kwa Mama Nancy chakula cha Mama Nancy.

Wakikukatalia, rudi tena wiki ijayo, na nyingine. Unaniambia kujishusha hujazoea? Utazoea, baba. Nimeisoma barua yako yote. Nimejua unavyokaanga kitunguu, nimejua paka analala wapi, samaki nimemjua mpaka jina. Mwanao simjui hata anaitwa nani, na habari kwamba hataki kula umeipitisha katikati ya kelele za mkaa wako na mlango wako. Mtoto ana njaa Migato, Salu, anamngoja baba yake amlishe, na wewe umekaa Bariadi unaniandikia mimi.