Bahasha ya Mzee Hruska

Scranton, 9 Machi 1986

Dada Bernice mpendwa,

Hujambo huko Tampa? Mwanao Ronnie hajambo? Sisi wazima, ila baridi inamtesa Mama magoti. Jana mkahawani meza ya watu saba walinizungusha kwa saa mbili, wakaacha sarafu chache. Meneja ananiambia, "Tabasamu zaidi, Wanda." Kama mshahara wake ungekuwa bakshishi, naye angejua tabasamu linavyochosha.

Lakini anayeniuma zaidi ni mzee Hruska. Miaka tisa nilimpelekea mayai kila asubuhi, na mikono ilipoanza kumtetemeka nikawa namkatia nyama. Kisha akahamia kwa bintiye wiki ile niliyolazwa hospitali, hata kwaheri hakuna. Siku ya mwisho ulimhudumia wewe. Kweli hakuacha neno?

Mdogo wako,
Wanda

Tampa, 20 Machi 1986

Wanda wangu,

Pole na baridi. Sisi tunaota jua tu, Ronnie keshakuwa mweusi kama mkate ulioungua. Hruska? Alikula, akalipa, akaondoka. Wazee ndivyo walivyo, wapole wakiwa na njaa. Msahau. Mbusu Mama.

Dada yako,
Bernice

Scranton, 2 Mei 1986

Dada,

Mama hajambo. Mimi mwili mzima, moyo sijui.

Leo kaja mwanamke, akaniuliza, "Wewe ndiye Wanda?" Ni binti wa Hruska. Nikammiminia kahawa.

"Baba alikuachia bahasha," akasema. "Dola mia tatu, na barua ya kukuomba uje umwone. Alimpa dada yako mkononi."

Nikamwambia sikupata kitu. Akanitazama, Bernice, kama anayetazama mwizi. "Kengele ya mlango ikilia tu, alikuwa akiuliza kama ni wewe. Tumemzika Jumatatu."

Akalipa kahawa, hakuacha hata senti. Sikumlaumu.

Niambie ni uongo. Nitakuamini.

Mdogo wako,
Wanda

Tampa, 15 Mei 1986

Mdogo wangu,

Sina uso wa kukuuliza hali. Nilizichukua. Nilitaka kumwondoa Ronnie kwa baba yake kabla hajamvunja mkono mwingine, na nauli ya kuja huku sikuwa nayo. Tena nitasema yote: mzee yule nami nilimjazia kikombe miaka tisa, lakini bahasha ilikuwa na jina lako peke yake. Barua niliisoma mara moja, nikaitupa. Nilidhani ni mambo ya mzee tu, yatapita.

Natuma hundi ya posta ya dola hamsini. Nyingine zitafuata. Tafadhali, Mama asijue.

Dada yako,
Bernice

Scranton, 24 Mei 1986

Bernice,

Mama mzima. Hajui.

Hundi yako imo humu, mnunulie Ronnie viatu. Ungeniambia habari za mkono wake, ningekupa mia tatu zile na za kwangu juu yake. Ulikuwa unalala chumba kimoja nami!

Jumapili nilikwenda makaburini na binti wa Hruska. Nilimweleza yote. Akaniuliza, "Na bado ni dada yako?"

Sitaki pole yako. Ile barua uliisoma. Kaa chini uyakumbuke maneno yake, yote, kama alivyoyaandika yeye, uniletee. Mengine usiniandikie.

Wanda