Mkate Nyuma ya Kabati

Mwanangu,

Sisi tupo. Wakati wa mvua mchwa walipanda hadi kwenye fremu ya mlango, nikaipaka oili chafu. Kiangazi ilikuwa zamu ya sisimizi. Sasa ni baridi, na panya hufuata joto, kwa hiyo nawe ziba matundu mapema.

Panya wetu niliwategea mkate wenye sumu nyuma ya kabati. Juzi nilimkuta mama yako ameushika, anataka kuuma.

“Mzee, siku hizi unanificha chakula?” akacheka.

Asubuhi ile nilikuwa nimemwonya. Hakukumbuka.

Sumu nimeifukia, na panya wanatamba hadi mezani. Hao si kitu. Lakini jiko lipo, kisima kipo, nami mchana husinzia. Njoo nyumbani, mwanangu.

Baba yako