Ushahidi Kwamba Delphine Anaishi Kwangu

Jumatatu, 6 Machi 2023

Barua ya watu wa kodi imefika. Nilidhani hundi. Siyo. Dola elfu nne na ushee — yale marejesho tunayopewa sisi wenye mishahara midogo na watoto — zimezuiwa. Nithibitishe kwanza kwamba mwaka jana Delphine aliishi nami zaidi ya miezi sita. Nimepewa siku thelathini. Nikamwonyesha barua, yuko mezani anakula, soksi mguu mmoja.

"Kwa hiyo mimi niko wapi, Mama?"

Ana miaka kumi na moja. Nikamtafutia soksi ya pili.

Gari halina giaboksi tangu Januari. Kazini, kufua mashuka ya wazee, nafika kwa lifti ya Rochelle, naye mwezi ujao anahamia mji wa Toledo. Zamu saa kumi na moja alfajiri. Basi la kwanza saa kumi na mbili. Bila hizo pesa gari halitengenezwi, na sina kazi.

Jumatano, 8 Machi

Shuleni: kwenye faili lao Delphine anaishi na mama yangu. Mama alifariki miaka mitatu iliyopita. Karani kasema atarekebisha nikileta ushahidi kwamba mtoto anaishi kwangu.

Zahanati: hakuugua mwaka mzima, hawana rekodi yake. Wamenipongeza.

Mwenye nyumba: mkataba una jina langu tu, na mtoto akiingia kodi inapanda. "Mtoto gani?" kaniuliza. Delphine kasimama pale pale, kanishika mkono.

Ijumaa, 10 Machi

Rochelle, kwenye gari: "Hakuna mtu hata mmoja anayejua una mtoto?"

Yupo. Bwana Stanko, jirani wa ghorofa ya chini. Mwaka jana alikuwa akipenyeza barua za malalamiko chini ya mlango wangu, juu ya tarumbeta la Delphine. Nilizitupa zote.

Jumamosi, 11 Machi

Nimeshuka na keki ya ndizi. Kafungua mlango kidogo, mnyororo haujatoka.

"Umekuja kuomba radhi, Bi Tolliver?"

"Nimekuja kuomba malalamiko."

Ana nakala! Tarehe, saa, sahihi. *Delphine, anayeishi juu ya kichwa changu, amepiga tarumbeta tangu saa kumi hadi kumi na moja na robo, kama mbuzi aliyenasa kwenye uzio.* Nusura nimbusu.

Tukapanga. Januari hadi Mei. Miezi mitano tu.

"Juni iko wapi?"

Akavua miwani, akaifuta. "Juni alianza kujua kupiga. Sikuwa na la kulalamikia."

"Si ungelalamika tu."

"Mimi si mwongo, Bi Tolliver."

Jumapili, 12 Machi

Bwana Stanko kapanda mwenyewe, shati limepigwa pasi. Anaandika taarifa ya alichosikia, na ataisaini. Delphine anampigia nyimbo zake ili akumbuke.

"Huo wa Oktoba. Nilikuwa nazima redio niusikilize." Akaandika.

Sita. Bado mmoja. Nikamwambia aandike Julai, nani atajua? Kanitazama kama mimi ndiye tarumbeta.

Delphine kamwambia aimbe kidogo anachokumbuka cha Julai. Kafumba macho. Anaimba — sauti mbaya kupita kiasi. Delphine anautafuta wimbo, anakosea, anaanza upya.

Mlango unagongwa. Mpangaji mpya wa ghorofa ya tatu, kavaa ndara, uso umemvimba kwa hasira.

"Mpe karatasi," Bwana Stanko kasema, macho bado kafumba. "Aandike na tarehe. Huo ni ushahidi wa mwaka huu."

Jamaa kakaa, anaandika kwa nguvu mpaka karatasi inatoboka. Julai bado tupu.