Pembeni mwa Picha

Mjukuu wangu Sharifa,

Asalaam aleikum kutoka Mtawanya. Sisi wazima, shukurani kwa Mola. Mama yako kaenda Ziwani kuokota korosho.

Umeuliza kwa nini lenzi yangu pana, inayosifiwa huko kwamba ni adimu, naifungia sandukuni. Naiogopa.

Ujanani, nikiwa mpiga picha, nilikwenda na bibi yako pale Ruvuma inapoingia baharini. Nikamkalisha yeye na mtoto wetu ukingoni mwa maji. Kamera ile unachungulia kupitia kidirisha, na lenzi pana hunasa mengi ambayo kidirisha hakionyeshi. Niliwaona wawili tu, wanacheka. "Rudini nyuma kidogo," nikasema, nikapiga.

Siku ya tatu, nikiisafisha picha, pembeni ukajitokeza mgongo wa mamba, hatua mbili kutoka mguu wa mtoto. Dawa ikaniponyoka, ikamwagika.

Sikumwambia mtu. Nilikata upande ule kwa mkasi. Picha ya utotoni ya mama yako mnayoisifia pale ukutani ndiyo iliyobaki.

Lenzi nakutumia. Kabla hujapiga, shusha kamera kwanza, utazame kwa macho yako.

Kile kipande ninacho. Mama yako akichelewa kurudi, hukitoa nikakitazama. Leo amechelewa.

Babu yako